Mama Yangu Kagoma Kuitikia Shikamoo

Leo sokoni Issuna mama yangu kamnyima mtu mzima marahaba!

Mnunuzi alijaza gunia letu la vitunguu mpaka mdomoni, halafu akaendelea kurundika juu, kwa bei ileile ya gunia moja.

"Mama, hii lumbesa tu. Wote wanauza hivi."

Mama yangu, huyu anayeona aibu hata kusoma matangazo kanisani, akamjibu:
"Lumbesa ni jina la gunia. Unachonifanyia mimi ni dhuluma."

Jamaa akajichekesha. "Basi shikamoo, mama."

Mama macho kwenye gunia.

"Shikamoo, mama!"

"Punguza kwanza."

Nyie, mmewahi kuona shikamoo inakosa mwenyewe mbele ya watu?

Akapunguza, kitunguu kimoja kimoja. Gunia likashonwa likiwa sawa.

"Marahaba, mwanangu."

Mimi ndiye mtoto wa huyo mama. Mnisalimie vizuri.