Lori Mlangoni mwa Ghala

Mimi bei ya jumla itakuja kuniua. Siku hiyo nilitoka Iyula kwenda Tunduma kufuata sukari na mafuta ya kula tu, basi. Mtoto wangu wa miezi minne nilimwacha kwa mama mkwe, kwa sharti nililolirudia mpaka mdomo ukakauka: hakuna uji. Kliniki walisema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Mama mkwe akaguna. Yeye kalea watoto saba kwa uji wa ulezi tangu wachanga, na wote wazima. Nikamwahidi saa sita nitakuwa nimerudi kunyonyesha.

Saa nne bado nazungushwa. Kule kwenye maghala huuziwi kitu kimoja kimoja. Unaandikisha dirisha hili, unalipa lile, halafu unaingia ndani kusubiri mzigo wako, na ukiwa unasubiri wanakuonyesha vingine. "Dada, viberiti hivi, ukichukua katoni ni bei ya kutupa." Nani kaniroga? Nikachukua katoni. Nyumbani tulikuwa na viberiti vya kumfikia mjukuu wa mjukuu wangu. Nikaongeza na sabuni.

Ghafla ghala likaingia giza. Lori moja kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia lilikuwa limesogea pembeni kupisha jingine, likasimama sawasawa na mlango wetu, na mlango wenyewe ni huo huo mmoja. Dereva akashuka, akaenda zake kuhangaikia karatasi za forodha. Mbele yake lori, nyuma yake lori. Kati ya fremu ya mlango na ubavu wa lori palibaki upenyo wa shibiri moja na nusu hivi.

Wembamba wakapita. Wakavuta matumbo, wakajikunja, haooo! Mimi nikaingiza bega, nikaingiza kifua, kikagoma. Kifua cha mama anayenyonyesha, ulitegemea nini? Mwenye ghala, mtu wa kitambi, akanivuta mkono kunirudisha ndani. "Pole dada. Sisi tuliokula vizuri tutabaki." Nilimtazama kwa jicho baya, akajifanya anahesabu makatoni. Kupita chini nako hakuwezekani, ni matairi na tenki la mafuta.

Saa sita ikafika, ikapita. Maziwa yakajaa mpaka yakalowesha blauzi. Nikapiga simu.

"Mama, nimekwama. Lori limeziba mlango. Nakuomba, mbembeleze kidogo."

Nilimsikia mwanangu analia, kile kilio chake cha njaa. Mama mkwe akauliza, "Ghala gani?" Nikamwelekeza. Akakata simu.

Basi, nikajua uji unapozwa kwenye kikombe. Alikuwa akiisubiri nafasi hii tangu mtoto azaliwe. Nikakaa juu ya gunia la chumvi, nikalia kwa hasira. Nilimchukia dereva, nilimchukia mama mkwe, nilijichukia mwenyewe na tamaa yangu. Bati lilikuwa linachoma, sabuni na dagaa vinanuka kwa pamoja, na kila nikigeuka ni makatoni mpaka darini. Mwenye ghala akaniletea soda. Sikuigusa.

Saa nane na nusu hivi nikasikia mtu anagombana na makuli nje. "Nipisheni! Mkwe wangu yumo humo!"

Nikakimbilia mlangoni. Alikuwa mama mkwe, na gauni lake la kanisani, mwanangu mgongoni, jasho linamtiririka. Mwanamke ambaye Tunduma hapendi hata kuisikia ikitajwa! Naye si mwembamba, asingeweza kuingia.

"Nilimpa uji," akasema kabla sijamsalimia. "Kautema wote. Kichwa kigumu kama mama yake. Haya, mshike."

Akamfungua mgongoni, akampitisha kwenye upenyo taratibu, kichwa kwanza, nikampokea. Nilimnyonyesha pale pale kwenye gunia. Alivuta kwa pupa mpaka akapaliwa, mimi nacheka huku machozi yananitoka. Nilitafuta hasira ya ule uji, sikuiona.

Baadaye nje kukawa kimya. Nikaogopa.

"Mama, umeshaondoka?"

"Niondoke niende wapi," sauti yake ikajibu kutoka nyuma ya fremu, "na nyie mko humo?"