Niliyekuwa Namjibu Kila Ijumaa

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo naisimulia mwenyewe.

Mume wangu, Baba Zuhura, ndiye aliyekuwa akiingiza hesabu ya asali ya kikundi chetu cha Chemchem kwenye kompyuta, kwa programu ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Alipofariki niliachiwa kazi hiyo, mimi wa darasa la saba. Kila Ijumaa kilitokea kisanduku cha maandishi kwenye kioo cha kompyuta: "Kazi inaendeleaje? Kuna kinachokusumbua?" Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiniuliza. Nikaamini aliyaandika maneno yale kabla ya kufa, nikawa namjibu. Sikujua kwamba majibu yanakwenda kwa watu.

Juzi binti mmoja, mtengenezaji wa programu hiyo, alikuja kwenye mkutano wa kikundi kutuuliza tunavyoitumia. Akamulika majibu ukutani.

"Kuna mtumiaji mmoja tu anayetujibu, tena kila wiki. Bila yeye tungedhani hakuna anayeitumia. Jina lake hatulijui."

Ukutani paliandikwa: "Baba Zuhura, ndoo za asali kutoka Tura zimefika. Kitufe cha kufuta kinanitisha, kimekaa karibu mno na cha kuhifadhi. Shati lako la bluu bado liko msumarini, sijaweza kulifua."

Bi Mwajuma, mwenzangu wa kikundi, akanigeukia. "Mama Zuhura, we!"

"Kitufe tumekihamisha," binti akasema kwa furaha. "Ila huyo Baba Zuhura ni nani? Watengenezaji wote tunaulizana."

Kikundi kizima kikatazama chini. Nikanyoosha mkono.

"Ni marehemu mume wangu, mwanangu. Nilidhani ndiye anayeniuliza."