Boneti Baridi

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa juu ya trela la trekta, kati ya Soy na Eldoret, mvua ikinyesha. Sisemi kwa kujisifu. Mke wangu alipopata mimba ya pili aliniambia wazi, akichambua maharagwe bila hata kuinua macho: "Mwalimu, huyu sizai kwa trela. Tafuta gari. Na iwe ya kuwaka."

Nilifundisha shule ya msingi, miaka ile watoto wakinywa maziwa ya pakiti ya serikali, na katika mambo ya magari nilijua rangi tu. Kwa hiyo tulimwendea fundi mmoja mjini, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyeniita "Profesa" kwa kunitania. Alisema tutafute steshen wagon ya petroli, kisha akainua kidole chenye grisi.

"Profesa, sikia. Injini ikipashwa moto inaongea vizuri. Ikiwa baridi ndio inasema ukweli. Ukifika kwa mwenyewe, shika boneti. Ukipata ni moto, rudi nyumbani."

Tulisikia maneno yale yale, mimi na mke wangu, lakini ni mmoja tu aliyeyabeba.

Gari la kwanza lilikuwa Kimumu, kwa karani mstaafu. Tulifika saa moja asubuhi, baridi ya kuuma masikio. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, na mzee alitupokea mlangoni kwa maneno ambayo mtu wa kwetu hawezi kuyakataa: "Karibuni chai kwanza." Ungefanya nini? Nilikunywa kikombe, nikaongezewa, mkate ukapakwa siagi hadi pembeni, nikasifu picha ya Rais ukutani. Katikati ya habari za mvua mzee akatoka kidogo, nikasikia injini ikinguruma huko nyuma. Nikadhani ni jirani anaenda kazini.

Tulipotoka, nililiona: jeupe, limeng'arishwa, ungeweza kunyolea ndevu mlangoni mwake. Mzee alizungusha ufunguo mara moja tu, likawaka. Mate yakanidondoka. Nikageuka kumwambia mke wangu kwamba tumepata, nikamkuta ameweka kiganja juu ya boneti, mkono mwingine kiunoni, tumbo limetangulia.

"Mzee," alisema kwa heshima zote, "hii gari imekunywa chai kabla yetu."

Mzee alicheka, akasema aliipasha kidogo tu kwa sababu ya baridi. Mke wangu akasema basi tutarudi kesho, tuiwashe bila kupashwa. Kesho mzee alikuwa na harusi. Na kesho kutwa? Mazishi. Tukaaga. Njia nzima nilinuna, nikiomboleza ile rangi nyeupe. Yeye aliniuliza tu kama mkate ulikuwa mtamu.

La pili lilikuwa Yamumbi, kwa mama mwenye duka aliyehamia kutoka sehemu za kati. Lilikuwa la rangi ya matope na mlango mmoja umefungwa kwa waya. Safari hii fundi alikuja nasi. Mama hajamaliza kusema "Karibuni chai," mke wangu alishamjibu: "Asante Mama, tutakunywa. Lakini gari kwanza."

Boneti lilikuwa baridi, umande ungali juu yake. Fundi alichomoa kijiti cha oil, akakinusa, akakipangusa kwa suruali. Mama akavuta choki, kile kitufe cha kuamshia injini baridi, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, halafu ikatulia. Fundi alienda nyuma kutazama moshi, akakaa huko mpaka nikaogopa.

"Nyeupe, na imeisha," alisema hatimaye. "Bluu hakuna, kwa hiyo haichomi oil."

"Lakini inakohoa," nilinong'ona.

"Hata wewe unakohoa asubuhi," mke wangu akajibu, "na sijakurudisha kwenu."

Mama naye hakuficha kitu. "Breki inalia na dirisha moja haifungi. Lakini haijawahi nilaza njiani." Tukanywa chai, tukanunua. Kusema kweli, niliona aibu kuliegesha shuleni.

Siku yenyewe ilikuja na mvua. Kulipopambazuka mke wangu alinishika bega: "Ni leo." Nilivuta choki, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Nilimwomba Mungu kwa sauti, wala sioni haya kusema. Mara ya tatu ikashika. Tulipita pale pa trela, tope likiwa lile lile, na mke wangu akaufunika mkono wangu uliokuwa kwenye gia. Hospitalini nilimkimbiza ndani, na binti yetu hakutuchelewesha. Kabla ya saa nne alikuwa amefika, akilia kwa nguvu zote.

Nilitoka nje nikicheka peke yangu. Askari wa geti akanifuata.

"Mzee, ile gari ya waya ni yako? Inanguruma tangu asubuhi. Nilitaka kuizima, lakini nikaogopa kugusa gari ya mtu."

Nilikuwa nimesahau kulizima. Zaidi ya saa mbili kwenye mvua, bila mtu, na redieta haikuwa imechemka. Fundi aliniambia baadaye kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kujaribu injini hivyo. Nilirudi ndani mbio kumwambia mke wangu. Alikuwa amechoka, mtoto kifuani, macho nusu yamefumba.

"Enda uizime ipumzike," alisema. "Na yenyewe imezaa."

Nikaenda. Niliweka kiganja juu ya boneti, likanichoma, nikakiacha hapo hapo. Nikalishukuru kwa sauti, askari akisikia, kisha nikazungusha ufunguo.