Pai ya Makombo

Mpwa wake alinipigia simu kutoka Karatina kuniarifu kwamba shangazi yake ameaga dunia. Akataja majina yote matatu, nami nikamwuliza ni nani huyo. "Ni Mama Makombo," akasema, kisha akaanza kulia.

Kwa msiomjua, mama huyu aliwapikia wenye shamba moja la kahawa kwa miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza kuoka pai ya matofaa. Oveni hakuwa nayo. Nyumbani alitumia sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Juu ya matofaa alinyunyiza unga aliousugua kwa siagi na sukari mpaka ukawa chembechembe. Siku ya mavuno, vyakula vikinadiwa kanisani baada ya ibada, mnadishaji alimwuliza ameleta nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kama cha wengi wetu. Akatafuta jina la zile chembechembe, akajibu kwa fahari, "Hii ni pai ya makombo." Kanisa zima likaangua kicheko. Nani atanunua mabaki ya mwenzake? "Ati sisi ni mbwa?" akauliza mzee mmoja wa kanisa. Pai ikarudi nyumbani nzima. Mama hakujaliwa mtoto, na kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mji ukamzalia mmoja na kumwita Makombo.

Mwaka uliofuata mwalimu fulani alimweleza kwamba neno alilolitaka ni chenga. Akaja na pai ya chenga. Watu wakasema sasa anatupiga chenga, wakacheka upya. Mimi niliila pai hiyo jikoni kwake, na ilikuwa tamu ajabu. Nawaambia ili mjue mlichokosa. Kinachoniudhi ni kwamba sisi watu wa mlimani tunavunja Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Tunasema kitabu yangu, na tukiketi mezani tunakura badala ya kula. Hatuoni haya. Lakini mama mmoja alipokosea neno moja, tulimtafuna nalo mpaka akazeeka.

Alipozidiwa na ugonjwa alimwomba mpwa wake jambo moja tu, kwamba msalaba wake uandikwe jina lake la ubatizo. Jumamosi msalaba ulifika kaburini umefungwa kwa magazeti. Mpwa alipoufungua, akasoma MAMA MAKOMBO, kwa rangi nyeupe iliyokauka vizuri. Fundi hakuona kosa lake. "Mimi nilitaka watu wajue ni nani," akasema. "Hiyo jina ingine nani anaijua?" Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, mvua ilikuwa inaanza, na pasta alikuwa na mazishi mengine Kangari. Tukausimika vivyo hivyo. Waombolezaji wawili watatu walicheka ndani ya leso zao, nikawaona.

Somo langu ni fupi. Kama kuna mtu mnayemwita kwa kosa lake, mwulizeni jina lake angali hai na mlizoee, maana fundi wa misalaba huandika kile anachowasikia mkisema.