Viti Sita vya Ofisi

Mwaka jana, kabla Mungu hajamchukua mume wangu, nilikwenda ofisi ya wilaya na mwalimu wake wa yoga kuomba viti sita. Mwalimu hufundisha watu waliopooza na wazee wa magoti mabovu, ambao hawawezi kukaa mkekani.

Karani akaegemea kiti chake. "Mama, mazoezi gani hayo ya kukaa? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, na hakuna mtu ananiita mwanamichezo."

Mwalimu akainua mkono polepole hadi begani, akivuta pumzi. "Ni hivi tu, bwana. Anayeshindwa mkono, anainua kidole."

"Basi wakainulie vidole nyumbani," karani akasema, akamwita tarishi aje kumkorogea chai.

Tulikalia magunia ya mahindi tuliyoazima katika duka moja mtaani Chechelesi. Baada ya miezi miwili mume wangu, niliyekuwa nikimnywesha kama mtoto, alishika kikombe akanywa mwenyewe, akasema alhamdulillahi. Hakunyweshwa tena mpaka alipofariki.

Juzi nilirudi ofisini kuchukua cheti chake cha kifo. Karani yuko pale pale kitini, na chai yake bado inakorogwa na mtu mwingine. Nilipotoka nilimwambia mwalimu kwamba kuna mwanafunzi mmoja tuliyemsahau.