Nta Niliyoiona Uchafu

Kwaru, kwaru, kwaru. Mgeni wa gesti yetu hapa Kisegi, kando ya ziwa, alisikia sauti hiyo kabla hajaniona uani, nikikwangua ubao wake wa kuteleza mawimbini kwa kijiko, kama ninavyokwangua ukoko wa ugali. Nilikuwa nimeuanika juani hadi utandu wake mweupe ukalainika. Nikajisifu kwa usafi wangu!

"Dada, hiyo ni nta. Ndiyo inashika miguu yangu nisianguke."

"Yawa, Akinyi! Leo leo unarudi kwenu Asumbi," akafoka Mama Rispa, mwenye gesti.

Mgeni akapapasa ubao, akacheka. "Mwache, Mama. Ilikuwa imezeeka, na hivi ndivyo huondolewa."

Akapaka nta mpya, akaenda ziwani. Mama Rispa akaninyooshea kidole sufuria ya ugali, nami nikarudi kuikwangua kwa kijiko changu.