Wino wa Buluu Mbele ya Kamati

Chekeni tu, mke wangu mwenyewe bado anacheka. Mimi ni Mkenya, nafundisha uchapaji wa picha katika chuo kimoja hapa Wandegeya, Kampala. Juzi kamati iliniita nieleze kwa nini shahada yangu ya uzamili inatosha, maana walimu wasio na udaktari hawataongezewa mikataba.

Asubuhi hiyo hofu ilinibana, nikajituliza kwa kuchapa picha moja. Wino wetu hukawia sana kukauka, kwa hiyo nilinawa mikono kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa. Nikabeba mkoba wangu uliokuwa mezani kando ya wino, mbio.

Hapa Kampala salamu haziharakishwi. Niliwashika mikono wajumbe wote, mmoja mmoja, kisha nikaanza kujitetea.

"Kwetu sisi wasanii, hakuna shahada juu ya hii. Wengine huandika tasnifu. Tasnifu yangu mimi ni kazi yangu!"

Hapo nikaona alama ya buluu kwenye shavu la mwenyekiti, mama Mkenya mwenzangu. Mjumbe wa uchumi akajikuna pua, nayo ikawa buluu. Nikautupia jicho mkoba wangu: kishikio chote kimelowa wino!

Nikazidi kusema, haraka haraka, nikimwomba Mungu wasitazamane.

Wakatazamana.

Mwenyekiti akajifuta shavu kwa leso nyeupe, akaitazama, kisha akavitazama viganja vyangu.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "umesema kazi yako ndiyo tasnifu yako. Sasa hii tuipe maksi ngapi?"